Kusi Lifikapo Nairobi

Jina la Nairobi ni jina la baridi. Wamaasai waliokuwa wakinywesha ng'ombe zao katika kijito cha nchi ile walikiita Enkare Nairobi, yaani maji baridi, na reli ilipofika hapo mwezi wa Mei 1899 wajenzi wake walilichukua jina hilo bila ya kulibadili sana. Mgeni atokaye Mombasa au Kisumu kwa mara ya kwanza katika mwezi wa Juni hulielewa kabla ya kuelezwa. Aliondoka kwao amevaa shati jepesi. Anaamka asubuhi akakuta mbingu imefunikwa na wingu moja la kijivu, lisilo mwanzo wala mwisho, na watu wanapita njiani wamejikunyata ndani ya makoti. Hapana mvua ya kusemwa wala upepo wa kuangusha mti. Kuna rasharasha nyembamba na jua lililokataa kutoka.

Siku kama hizo hutangazwa kabla hazijafika. Kila mwaka mwezi wa Mei ukaribiapo kwisha, Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa habari za juma linalokuja na za miezi mitatu ifuatayo. Maneno yake si mengi: masika yanapungua, mawingu ya asubuhi yanazidi, joto la mchana linashuka. Katika nchi za mbali zilizo kusini ya dunia majira hayo huitwa mwisho wa wakati wa kupukutika majani. Nairobi hatuna wakati wa namna hiyo, maana miti yetu hupukutika kila mmoja kwa kalenda yake. Lakini Kiswahili kina neno lake la tangu zamani kwa baridi ya katikati ya mwaka, nalo ni kipupwe.

Makao makuu ya Idara hiyo yako Dagoretti Corner, katika barabara ya Ngong. Upande wa kaskazini ya hapo kuna Kawangware, na upande wa mashariki waifikia Kibera. Mtu mwenye miguu mizuri aweza kutembea kote kuwili kwa asubuhi moja. Basi ofisi isomayo mbingu kwa ajili ya nchi nzima imesimama kati ya mitaa miwili ambayo watu wake huishi chini ya mabati, na ambao, kuliko wengi wengine mjini, huamuliwa na mbingu kama watakula jioni au hawatakula. Hata hivyo, kwa miaka mingi habari zilizotoka katika ofisi ile hazikuandikwa kwa ajili yao. Yafaa tueleze jinsi mambo yalivyokuwa, na kwa kuwa kila jambo lina chanzo, tuanze na upepo wenyewe.

Watu wa pwani waliujua upepo huu karne nyingi kabla ya kuwapo ofisi yo yote. Mwaka wao waliugawa kwa pepo mbili. Kaskazi huvuma tangu karibu na Desemba mpaka Machi, na ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi huanza Aprili, likazidi nguvu Juni na Julai, na ndilo lililoyarudisha. Kusi likiwa katika ukali wake bahari hufungwa, na nahodha mwenye akili hukaa bandarini akashona tanga zake. Ili kuyakisia mambo hayo walihesabu siku kuanzia Nairuzi, sikukuu ya mwaka wa jua, wakizipanga kumi kumi, na kila kumi wakaiita mwongo. Mtu aliyetaka kulima au kusafiri aliuliza, "Huu ni mwongo wa ngapi?" Leo Idara ya Hali ya Hewa hutoa taarifa kwa wakulima kila baada ya siku kumi. Sidhani kama aliyeupanga utaratibu huo aliwafikiria manahodha wa Lamu, lakini hesabu imekuwa ile ile.

Bara nako palikuwa na hesabu. Wakikuyu, ambao mashamba yao yalifika Kawangware na nchi yote ya Dagoretti kabla mji haujayafikia, waliziita mvua kwa mimea yao: mvua ya njahi ndiyo masika, na mvua ya mwere ndiyo vuli. Kati ya mvua hizo mbili kuna gathano, wakati wa baridi na ukungu, ambao mazao hukauka polepole na wazee hukaa karibu na moto.

Swali la kuuliza ni hili: upepo utokao juu ya bahari ya joto huletaje baridi Nairobi, mji ulio karibu digrii moja na robo tu kusini ya ikweta? Jibu lina sehemu mbili. Ya kwanza ni mahali upepo ulikotoka. Kati ya Mei na Agosti, kusini kabisa ya Bahari ya Hindi karibu na visiwa vya Mauritius na Réunion, hewa nzito hujikusanya na kushuka. Wakati huo ndio wa baridi katika nusu ya kusini ya dunia, na hewa ile husukumwa kuelekea kaskazini hata ikafika pwani yetu ikiwa imepoa na imebeba unyevu. Sehemu ya pili ni mlima usioonekana. Msafiri wa gari moshi kutoka Mombasa haoni mlima po pote mbele yake, lakini kila maili aendayo anapanda, na afikapo Nairobi amekwisha panda zaidi ya mita 1,600. Dagoretti Corner yafikia karibu mita 1,800. Hewa nayo hupanda vivyo hivyo, na hewa ipandayo hupoa. Kwa kawaida ukipanda mita 1,000 joto hupungua kama digrii 6 au 7. Unyevu uliomo hugeuka wingu, na juu ya wingu hilo hukaa tabaka la hewa ya joto zaidi, kama kifuniko juu ya sufuria, likalizuia lisipande na kuwa mvua kubwa. Kwa hiyo wingu halinyeshi vizuri wala haliondoki. Hutanda tu. Jua likishindwa kulipenya mpaka saa nane mchana, ardhi haipati joto la kuihifadhi kwa usiku. Hii ndiyo baridi ya Nairobi. Si baridi ya theluji. Mwezi wa Julai mchana wa kawaida hufika digrii 21 au 22 na usiku hushuka mpaka 11 hivi, na zipo siku ambazo mchana wenyewe haufiki 20. Mtu wa Ulaya akisikia tarakimu hizo hucheka. Hacheki aliyelala juu ya udongo ndani ya nyumba ya bati moja.

Maana yake ni kwamba upepo unaozuia majahazi yasitoke bandarini ndio uo huo uzibao jua la Kawangware. Lamu huwa ni msukosuko, na Nairobi huwa ni kimya cha kijivu.

Sasa tuitazame ofisi. Utabiri wa hewa kwa umma, yaani maneno yaliyochapwa gazetini ili kila mtu ayasome, ulianza Uingereza mwaka 1861, nao ulizaliwa na msiba wa baharini. Mwaka 1859 merikebu Royal Charter ilivunjwa na dhoruba, na watu zaidi ya mia nne wakafa. Robert FitzRoy, mwanamaji aliyekuwa mkuu wa ofisi ya hewa, aliazimia kwamba mabaharia waonywe mapema kwa simu za waya, kisha akaanza kutoa utabiri wa kila siku katika gazeti la The Times. Wengi walimdhihaki kila alipokosea, na alikosea mara nyingi, maana vyombo vyake vilikuwa vichache mno. Lakini desturi aliyoianzisha imeenea duniani kote.

Afrika ya Mashariki haikungoja msiba wa merikebu. Walioitaka habari ya hewa hapa walikuwa walowezi wenye mashamba ya kahawa na ngano, serikali zilizotaka kuhesabu mapato, na baadaye marubani. Mwaka 1929 Idara ya Hewa ya Afrika ya Mashariki ya Kiingereza ilianzishwa, makao yake yakiwa Nairobi, chini ya Albert Walter. Bwana huyu alikuwa ametoka Mauritius, ambako alikuwa mkuu wa kituo cha kuchungulia hewa na nyota. Ni ajabu ndogo ya historia kwamba aliyekabidhiwa kazi ya kuitabiri baridi ya Nairobi alitoka upande ule ule utokako baridi yenyewe. Mwaka 1932 ndege za barua na abiria zilipoanza kwenda kutoka London mpaka Cape Town kwa njia ya Nairobi, wingu zito la asubuhi likawa jambo la hatari, si la kuudhi tu, kwa kuwa rubani wa siku zile alishuka kwa macho yake.

Tangu mwaka 1948 idara hiyo ilikuwa chini ya Halmashauri Kuu ya Afrika ya Mashariki, ikiangalia mbingu za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kwa pamoja. Jambo hilo lilikuwa la akili, maana kusi halisimami mpakani kuonyesha hati ya kusafiria. Idara ilidumu hivyo hata baada ya uhuru, chini ya Jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1967. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ilichukua fungu lake la vyombo na la watu, na Kenya ikawa na idara yake yenyewe. Reli, posta na ndege ziligawanywa vivyo hivyo, lakini reli yaweza kukatwa kwa msumeno, upepo haukatiki. Haikupita miaka mingi ila ukame uliwalazimisha majirani kukaa tena meza moja. Kituo cha kuangalia ukame kilianzishwa Nairobi mwaka 1989, na baadaye kikawa kituo cha IGAD cha mambo ya tabianchi. Tangu mwaka 1998 wataalamu wa nchi za Pembe ya Afrika na za Afrika ya Mashariki wamekuwa wakikutana kabla ya msimu na kutoa kauli moja juu ya mvua inayotazamiwa. Utabiri wa eneo zima, uliovunjwa na siasa, ukaungwa kwa njaa.

Wakati ofisi ilipokuwa ikikua, Kibera ilikuwa ikikua pia, lakini kwa njia nyingine. Mwanzoni ilikuwa msitu, na neno kibra katika lugha ya Wanubi lina maana hiyo. Askari Wanubi wa King's African Rifles waliruhusiwa kukaa hapo, na mwaka 1918 serikali ilitangaza ekari 4,197 kuwa ardhi ya jeshi. Kumbukumbu ya siku zile imebaki katika majina: Laini Saba ni mstari wa saba wa uwanja wa kulenga shabaha. Wale wazee walijenga nyumba za udongo zenye kuta nene, na walikuwa na nafasi ya kulima na kufuga. Baada ya hapo wakaja watu wa kutafuta kazi kutoka pande zote, nafasi ikaisha, ukuta ukawa mwembamba, na paa likawa bati. Kawangware, iliyokuwa nchi ya mashamba nje ya mji, iliingizwa katika mipaka ya Nairobi miaka ya 1960, nayo ikajazwa vivyo hivyo na wapangaji, wengi wao kutoka nchi za magharibi ya Kenya.

Bati ni kitu chenye tabia mbaya kwa hewa ya Nairobi. Mchana wa jua huwaka, na usiku hupoa upesi kuliko ardhi. Mvuke wa pumzi za watu waliolala huligonga paa la baridi ukageuka maji, na alfajiri yakawadondokea. Katika juma la kwanza la kipupwe mambo madogo ya nyumbani hubadilika yote. Mama fua, ambaye hulipwa kwa nguo alizofua, hurudishiwa nguo ambazo hazikukauka. Kibarua wa mjengo hukuta zege halishiki upesi, na msimamizi anamwambia aje kesho. Muuza uji hufurahi, maana wanunuzi huongezeka. Katika soko la Toi, ukingoni mwa Kibera, marobota ya sweta na makoti ya mitumba hufunguliwa, na aliyeyanunua mapema, kabla bei haijapanda, ndiye apataye faida. Huyo bila shaka aliusikia utabiri, au ana utabiri wake mwenyewe kichwani.

Lakini lipo jambo lisilo la biashara. Familia yenye chumba kimoja ikishindwa na baridi huingiza jiko la makaa ndani na kufunga mlango. Makaa yawakayo mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu; mtu husikia usingizi tu, naye asiamke. Hapana msimu wa baridi upitao Nairobi bila ya habari ya namna hiyo kusikika. Watoto wadogo nao hushikwa na homa ya mapafu, kwa kuwa moshi na baridi huvishambulia vifua vyao pamoja. Ndiyo sababu tangazo la Idara katika miezi hii hutaja magonjwa ya kifua na kuwaonya watu juu ya jiko, wala halihesabu digrii peke yake.

Na hizo digrii zenyewe, ni za nani? Kipimajoto cha Dagoretti hukaa ndani ya kisanduku cheupe chenye kuta za vipande vilivyoachana, juu ya nyasi, mahali palipo wazi. Lazima iwe hivyo, ama sivyo vipimo vya Nairobi havingeweza kulinganishwa na vya Dodoma au vya Cairo. Lakini hapana mtu aishiye ndani ya kisanduku cheupe juu ya nyasi. Katika kiangazi cha kati ya Desemba 2015 na Februari 2016 watafiti walitundika vipimajoto vingi katika Kibera, Mathare na Mukuru, wakaona kwamba joto la huko lilizidi joto la Dagoretti, kwa sababu ya bati, msongamano na ukosefu wa miti. Kwa hiyo mtu wa Kibera aliyesikia redioni kuwa mchana utakuwa wa kadiri, naye akahangaika kwa joto, hakuwa akijidekeza. Hewa iliyotangazwa ilikuwa ya kweli, lakini ya mahali pengine, mwendo wa saa moja kwa miguu.

Lugha nayo ilikuwa ukuta. Maneno kama "mvua juu ya wastani" humfaa mtu aujuaye huo wastani. Mwenye kibanda kando ya mto ataka kujua kama maji yatafika mlangoni, na mama fua ataka kujua kama jua litatoka kabla ya adhuhuri. Mwishoni mwa miaka ya 2010 kazi moja iliyopewa jina la Daraja ilijaribu kuuvunja ukuta huo katika Kibera, na katika mitaa ya Dar es Salaam pia. Idara ya Hali ya Hewa ilikaa pamoja na wakazi, na utabiri ukaandikwa upya kwa maneno yao, ukapelekwa kwa simu za mkononi, kwa redio za mtaa na kwa vinywa vya watu wanaoaminiwa. Jambo kama hilo lilikwisha fanyika mbali na mji. Katika nchi ya Bunyore ukoo wa Nganyi, mashuhuri kwa elimu ya mvua, ulikaa na wanasayansi, wazee wakisoma maua na wadudu na wataalamu wakisoma ramani, kisha wote wakatoa kauli moja. Kwa vile Kawangware imejaa watu wa magharibi, wako wengi huko walioyasikia majina ya wazee wale kabla ya kusikia jina la Dagoretti Corner.

Utabiri uliofahamika si lazima ufuatwe. Mwaka 2023 Idara ilieleza mapema kwamba El Niño ingeleta vuli nzito. Mwezi wa Oktoba wananchi waliambiwa na viongozi wa juu kwamba El Niño iliyohofiwa haingekuja. Wengine walipumua, wakaacha kuzibua mitaro. Novemba mvua ikaja, na katika Kenya nzima watu zaidi ya mia moja wakafa. Masika ya 2024, ambayo nayo yalitabiriwa kuwa makubwa, yaliua karibu watu 300. Nairobi mito yote ilifurika, na wakaao kando yake wakaamriwa kuhama, nyumba nyingi zikabomolewa.

Katika wiki ya mwisho ya Mei mwaka huo mvua zilipungua, kama zilivyotazamiwa. Mto Ngong, upitao chini ya Kibera kuelekea bwawa la Nairobi, ulirudi katika njia yake ukaacha matope na vipande vya mabati. Watu waliopoteza nyumba walikuwa bado wamejihifadhi kwa jamaa zao au chini ya maturubai, blanketi zao zikiwa zimekwenda na maji. Redioni lilisomwa tangazo la kila mwaka: mawingu ya asubuhi, rasharasha mahali mahali, na joto la mchana kushuka.